Bi Mwanapili na Kijiti cha Pua

Bi Mwanapili alikuwa na safari ya Ijumaa, na mwenye safari hapendi kusikia mwenziwe anakohoa. Kwa hivyo Jumatatu mchana, Mzee Jaku alipokohoa mara ya kwanza kwenye bao, Bi Mwanapili ndiye aliyegeuka kabla ya wote.

"Umepaliwa, siyo?" alimuuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba akubaliwe.

"Nimepaliwa," Mzee Jaku alikubali, kisha akapiga chafya tatu mfululizo juu ya kete.

Nyumba yenyewe ni ya wakfu, iko Kiponda, ndani ya kichochoro kisichopita gari. Wanakaa humo wazee wasiokuwa na watu, na wazee wenye watu wasiokuwa na nafasi. Bi Mwanapili alikuwa wa aina ya pili. Mwanawe Ame alimleta "kwa muda tu, mama," mpaka amalize kujenga Jambiani. Nyumba ikaisha, ikaongezwa vyumba vya kupangisha watalii, na ule muda ukaendelea. Kila Ijumaa aliyopata nafasi Ame alikuja na kipande cha sabuni na chana ya ndizi, akabaki kasimama na funguo za gari mkononi, akauliza "Unahitaji nini, mama?" na kabla hajajibiwa akaaga.

Kule Jambiani hakuna aliyejua. Watu waliambiwa Bi Mwanapili yuko mjini anatibiwa macho, na uongo huo aliutunga yeye mwenyewe ili mwanawe asichekwe. Sasa Ijumaa hii mjukuu wake Shadya anaolewa, Shadya aliyemlea yeye tangu anatambaa. Ame mwenyewe alikuja Jumamosi, nje ya desturi yake, kuleta habari: atamfuata kwa gari asubuhi, amfikishe mpaka mlangoni pa harusi. Kanga mpya zilikuwa chini ya mto. Bi Mwanapili alishajiona anateremka garini, mwanawe kamshika mkono, na Jambiani nzima inaangalia.

Sasa huyu Jaku na chafya zake.

Nesi Zuleikha alizisikia kutoka jikoni. Zuleikha ni msichana mwembamba, mpole wa sura, lakini akishika jambo hata waziri angesimama foleni. Alitoka, akamgusa Mzee Jaku kipaji, akakunja uso.

"Kesho asubuhi nawapima nyote," alisema. "Homa ya mafua imeingia mjini. Nimeletewa vipimo vya haraka. Kijiti puani, tone kwenye kibao, robo saa tunajua. Mstari mmoja, salama. Miwili, ana mafua, na atakaa chumba cha uani peke yake mpaka apone."

Bi Kidawa, mtoto wa mjini, mtafuna tambuu mashuhuri, alitoa macho.

"Miwili? Mwanangu Zuleikha, kipimo hicho nakijua. Mkaza mwanangu alipopata miwili tulipika pilau."

"Si hicho, bibi."

"Basi Jaku akitoka miwili tusimpongeze?"

Wote walicheka, isipokuwa Bi Mwanapili. Yeye alikuwa keshajiona chumba cha uani, na harusi inapigwa ngoma bila yeye.

* * *

Zamu ya Zuleikha ilikwisha alasiri, na mpishi akatoka kwenda Darajani. Hapo Bi Mwanapili aliitisha kikao.

"Jamani, miye Ijumaa nnakwenda kumuoza mjukuu wangu. Hayo mafua, kama yako ndani ya miili yetu, yatolewe leo. Kesho kijiti kikiingia kisikute kitu."

"Yatolewe vipi?" aliuliza Mzee Usi. Huyu alikuwa mzee wa maneno machache kwa sababu pumu haikumruhusu mengi. Alizoea kusema nusu ya jambo, akapumzika, akamalizia.

"Nyungu," alisema Bi Kidawa, na macho yakamng'aa. Katika ujana wake aliwafukiza waliojifungua wa mitaa mitatu, na tangu aingie nyumba hii hakuna aliyemwomba hata kikombe cha maji ya tangawizi. "Majani ya mlimau, mchaichai na mwarobaini. Mafua gani hayo yatakaa?"

Sufuria lilichemka. Likatiwa majani, likatuliwa chini katikati ya ukumbi, wakaketi kulizunguka: Bi Mwanapili, Bi Kidawa, Mzee Usi, na Mzee Jaku ambaye walimpa nafasi ya mbele kabisa, kwa kuwa ndiye mwenye haja zaidi. Shida ikawa mfuniko. Nyungu haina maana bila kujifunika, na mablanketi mengine yalikuwa yamefuliwa, yako juu ya kamba. Lilibaki la Mzee Usi, zito, pana kama tanga.

"Linatutosha sote," alisema Bi Mwanapili.

Na liliwatosha. Vichwa vinne viliingia chini ya blanketi moja, pua kwa pua, mvuke unapanda, mlango na madirisha yamefungwa ili dawa isikimbie. Jasho likawatiririka. Bi Kidawa alisoma anayoyajua. Mzee Jaku alivuta pumzi ndefu, akaishika, akaishika, kisha akaiachia yote kwa chafya moja iliyolinyanyua blanketi.

"Hiyo inatoka!" alipiga kelele Bi Kidawa kwa furaha. "Toa, Jaku, toa! Na nyie vuteni!"

Wakavuta.

* * *

Asubuhi Zuleikha alisimama mlangoni, akanusa.

"Nani kachemsha mlimau?"

Wazee wote walikuwa wameketi kwa adabu kwenye viti vyao, wamenyooka, nyuso safi.

"Haya, vichwa juu."

Kupimwa pua ni jambo la kumvunjia mtu heshima, tusidanganyane. Unakaa na umri wako, umezaa, umezika, umekwenda Hija au uko njiani kwenda, kisha mtoto wa juzi anakwambia utazame dari na anakuchokonoa tundu ya pua kama anayetafuta pete iliyopotea. Bi Kidawa alipiga chafya kabla hajaguswa. Mzee Usi alimshika Zuleikha mkono akamwomba amhesabie. Bi Mwanapili alifumba macho, akamtaja Mola wake, akaona nyota.

Mzee Jaku alitoka mistari miwili, myekundu. Wengine wote mmoja mmoja.

"Alhamdulillahi!" Bi Mwanapili alikaribia kupiga kigelegele. "Si nlisema? Nyungu imefanya kazi."

Zuleikha aliweka kibao chini polepole.

"Nyungu gani, bibi?"

Mzee Usi, mtu wa haki, alinyoosha kidole kwenye blanketi lake lililoanikwa uani. Zuleikha alilitazama blanketi, akawatazama wao, akahesabu vichwa kimoyomoyo, akakaa.

"Wote? Ndani ya blanketi moja? Pamoja na Mzee Jaku?"

"Tulimpa nafasi ya mbele," alisema Bi Kidawa.

"Yarabi! Mmejifungia na ugonjwa chini ya blanketi mkaupikia!" Zuleikha alishika kichwa. "Mstari mmoja leo maana yake ni leo. Mafua yakiingia jana hayaonekani leo. Sasa sikilizeni. Mzee Jaku anahamia uani, kile chumba chenye mlango wake wa kichochoroni. Nyinyi mtavaa barakoa, kila mtu na sahani yake, kikombe chake, sinia hakuna. Hakuna kupeana mikono wala kubusiana. Madirisha wazi. Ijumaa asubuhi nnapima tena."

"Na safari yangu?" Bi Mwanapili aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukitoka mmoja Ijumaa, bibi, na huna homa, nitakufunga kanga mwenyewe. Ukitoka miwili, hutoki mlango ule."

Ikawa nyumba ya ajabu. Upepo wa madirisha uliingia mpaka kwenye mifupa, na sabuni ikawachubua mikono kama madobi. Kula peke yako mezani, na mwenzio yuko hatua chache anakula peke yake, kulimuuma Bi Mwanapili kuliko kile kijiti, maana tangu azaliwe hakuwahi kumaliza wali bila mkono wa mtu mwingine kugongana na wake. Bi Kidawa naye alikataa kuacha tambuu, akatafuna ndani ya barakoa. Zuleikha alipoiona imelowa wekundu alidondosha trei, akidhani bibi anatapika damu, akatulia alipoona chokaa kwenye kidole chake.

Kicheko kilikwisha Jumatano. Mzee Usi aliamka na homa, kifua kinapiga filimbi, maneno yake machache yakawa hayapo kabisa. Akapimwa: miwili. Daktari akaitwa, akasema afadhali wamejua mapema, akampa vidonge na dawa ya kuvuta mdomoni, naye Mzee Usi akahamishiwa uani kwa Mzee Jaku, kwa kuwa wenye mafua yale yale hawana la kuambukizana.

Bi Mwanapili alikwenda akasimama nje ya mlango wa chumba hicho. Alimsikia Mzee Usi anavuta hewa, anaivuta na haiji. Alisimama hapo mpaka miguu ikamuuma. Ni yeye aliyesema blanketi linatosha. Aliona haya, haya ya kweli, ya kumfanya mtu atamani kurudi alasiri ya Jumatatu alipindue lile sufuria.

"Usi," aliita kupitia mlangoni. "Nisamehe, ndugu yangu."

Kwa ndani ikaja sauti ya Mzee Usi, nusu nusu.

"Blanketi... lilikuwa langu."

* * *

Alhamisi jioni homa ya Mzee Usi ilishuka. Ijumaa asubuhi Bi Mwanapili alitazama dari, akachokonolewa, wakangoja. Mstari mmoja. Zuleikha akampima na joto, hana kitu. Bi Kidawa pia mmoja. Zuleikha akatimiza ahadi yake: alimfunga kanga, akamtia udi, akampa barakoa mpya ya njiani, kisha akaenda uani kumpa Mzee Usi uji wake.

Bi Mwanapili aliketi barazani, mkoba mapajani. Baada ya muda akamuona Ame anakuja kichochoroni, kanzu nyeupe, kofia ya viua, funguo za gari mkononi. Gari kaliacha barabarani, mtaa wa Malindi. Mwana wa watu alipendeza, na mama akajisahau akafurahi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usinibusu mkono, nesi kakataza."

"Haya twende, tumechelewa," alisema Ame, kisha akageuza uso ukutani akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha ndani, kizito, na kilipokwisha alishika ukuta kidogo. Macho yalikuwa mekundu.

"Kikohozi gani hicho?"

"Vumbi tu, mama. Saruji. Si unajua kazi za ujenzi?"

Jumamosi pia alisema vumbi. Bi Mwanapili alikumbuka vizuri sasa: Ame kasimama hapa hapa, anakohoa vumbi lake, na Mzee Jaku, mkarimu yule, anamkaribisha kahawa kwenye kikombe chake mwenyewe, Ame anapiga mafunda mawili na kukirudisha, na Jaku anamalizia.

Zuleikha alikuwa uani. Hakusikia. Bi Kidawa alikuwa ndani anatafuta chokaa yake. Hapakuwa na mtu kichochoroni ila mama na mwanawe. Ilikuwa Bi Mwanapili anyamaze tu, asimame, atembee mpaka Malindi, apande gari. Jambiani ingemuona. Shadya angemuona. Akipimwa Ame, gari haliondoki, na harusi ni leo, si kesho. Alitamani kunyamaza, na hatumlaumu. Alinyanyuka kabisa, akashika mkoba.

Kisha, kupitia dirisha lililoachwa wazi kwa amri ya nesi, alimsikia Mzee Usi anakohoa, na baada ya kukohoa ile filimbi ndogo ya kifuani, inatafuta hewa. Akakumbuka kitoto kichanga cha dada yake Shadya, kilichofika jana kutoka Pemba, hakijatoka arubaini.

"Zuleikha!" aliita kwa sauti iliyotoa kunguru darini. "Zuleikha mwanangu, njoo na kijiti!"

"Mama!" Ame alishtuka. "Mama, wanitia aibu gani hii? Mimi ndiye walii!"

"Keti."

"Tutachelewa!"

"Nimekwambia keti, Ame."

Akaketi. Hakuwahi kuketi katika nyumba hiyo tangu amlete mama yake.

Ame, mtu mzima na ndevu zake, alipochokonolewa machozi yalimtoka akamshika mama yake kanga. Wakangoja, Bi Kidawa kasimama juu ya kile kibao kama anayengoja mkate uive. Mstari wa kwanza ukaja. Wa pili ukaja nyuma yake, bila haya.

"Hongera, baba," alisema Bi Kidawa. "Unajifungua mwezi gani?"

"Nesi," Ame alisihi, "mimi ni walii. Lazima nikamuoze binti yangu."

"Na walii humpa mkono bwana harusi, sivyo?" alisema Zuleikha. "Kisha bwana harusi huyo anakwenda kwa bibi harusi. Mahari gani hiyo ya kumpelekea mwanao? Nyumbani kwako watu wamejaa, na bibi kaniambia kichanga kimo. Hurudi huko. Utakaa chumba cha uani na Mzee Jaku na Mzee Usi. Una mafua yale yale. Na upige simu kwenu, aliyekaa nawe karibu akikohoa ajitenge, na kichanga kisipakatwe na kila mtu."

"Nyumba ya wazee? Mimi?"

"Kwa muda tu," alisema Bi Mwanapili.

Ame alitoa simu mfukoni.

Mambo mengine yakaenda haraka. Ame alimpigia simu mdogo wake wa baba mmoja, Mudrik, na kwa sauti iliyokwaruza akatamka kuwa amemfanya wakili wake amuoze binti yake Shadya. Mzee Jaku, kutoka ndani ya chumba, alidai kurudiwa maneno kwa kuwa yeye ni shahidi na hakusikia vizuri, na yakarudiwa. Ridhwan, kijana wa nyumba ya pili anayepeleka watalii Jozani kutazama kima punju, alikuwa anaondoka saa ile na nafasi moja ya mbele ikawa tupu. Alisema akiwashusha wageni wake msituni atamfikisha bibi mpaka Jambiani, ni mbele kidogo tu.

"Funguo," Bi Mwanapili alimwambia mwanawe kabla hajaondoka, "ziweke mezani. Huku hazina kazi."

* * *

Harusi ilishapamba moto. Lile gari kubwa la watalii liliposimama mlangoni, watoto walilizunguka wakidhani wazungu wamekuja kutazama ngoma. Mlango ukafunguka akateremka Bi Mwanapili, kanga mpya, barakoa usoni, mkoba kwapani.

Alimtazama Shadya kwa mbali kwanza, kwenye mkeka wake, hina mpaka viwikoni, akalia hapo hapo bila kujificha. Shadya alitaka kuinuka, bibi akamzuia, mkono wake mwenyewe kifuani. "Kaa, mwanangu. Leo tunabusiana kwa macho."

"Eti macho!" walidakia wanawake. "Macho vipi, Bi Mwanapili? Matibabu yamekwisha?"

Bi Mwanapili alikaa karibu na dirisha. Alikuwa amelibeba jibu la swali hilo muda mrefu, kaling'arisha, liko tayari. Akaliangalia, akaona halina haja tena.

"Macho yangu hayajapata kuuma hata siku moja," alisema. "Miye nnakaa nyumba ya wazee, Kiponda. Ame kanipeleka."

Ngoma ilisita. Mtu mmoja akakohoa, na Bi Mwanapili akamtazama vibaya.

"Na Ame mwenyewe yuko wapi?" aliuliza dada wa bwana harusi, kwa tahadhari.

"Ame? Ame nimemwacha huko huko. Mafua. Kalala chumba kimoja na mzee anayekoroma na mzee asiyemaliza sentensi."

Wanawake walitazamana. Kisha mmoja akaanza, wa pili akamfuata, na ukumbi mzima ukaangua kicheko mpaka mpiga dumbaki akaliweka chini dumbaki lake. Bi Mwanapili alicheka nao nyuma ya barakoa. Aliona kifua chepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa mwani ufukweni.

* * *

Jumapili Ame alipiga simu. Sauti ilikuwa imerudi, lakini ndogo.

"Mama, hujambo? Harusi vipi?"

"Njema. Shadya kapendeza. Hujambo wewe?"

"Homa imeshuka. Nesi hataki kunitoa bado." Nyuma yake Mzee Jaku alisikika akitangaza kuwa amemfunga bao tena. "Mama, unarudi lini?"

"Ijumaa, inshaallah," alisema Bi Mwanapili. "Nikipata nafasi."

Kwa Ame kete ziliendelea kugonga baoni.

"Unahitaji nini, baba? Nikuletee sabuni? Ndizi?"

Simu ilinyamaza mpaka Bi Mwanapili akaitoa sikioni, akaiangalia kama imekatika. Haikukatika. Alimsikia mwanawe anapumua.

"Mama," alisema Ame mwishowe, "huku usiku ni mrefu."

Bi Mwanapili alikaa kitako kwenye ukingo wa kitanda. Utani wote ukamwishia.

"Nnajua, mwanangu," alisema. "Nnaujua."